Taji la majani na ng'ombe mia: Wagiriki wa kale walikimbia bure?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja huku Mbulu. Tunaandaa mbio za shule, na mfadhili mmoja amejitolea kuwapa washindi fedha. Mjumbe wa bodi, mzee tunayemheshimu sana, amepinga. Anasema michezo ililetwa duniani na Wagiriki wa kale, nao walishindania taji la majani tu, kwa heshima. Fedha ndiyo iliyoleta hongo na wanariadha kuuza uraia wao. Kikao kizima kilimpigia makofi. Je, ni kweli? Kama si kweli, mbona dunia nzima inaamini hivyo? Na wanafunzi wananiuliza: marathoni ilikuwapo katika Olimpiki ya kale?

JIBU: Mwalimu, mzee wenu ana ukweli mmoja mkononi, ndiyo maana si rahisi kumpinga. Kule Olympia, katika michezo ambayo kwa mapokeo huhesabiwa kuanzia mwaka 776 KK, mshindi alivikwa kichwani taji la matawi ya mzeituni mwitu, basi. Hakupewa fedha wala kikombe, na wa pili hakupewa hata jani. Kwa hiyo mzee hajadanganya. Amesimulia sherehe ya uwanjani, akaacha yaliyompata mshindi alipofika kwao.

Kwao alisubiriwa. Plutarch, aliyeandika maisha ya watu mashuhuri wa Ugiriki na Roma, anasema sheria za Solon, mtunga sheria wa Athens wa mwanzoni mwa karne ya 6 KK, ziliagiza raia wa Athens aliyeshinda Olympia apewe drakma 500, na aliyeshinda Isthmia, michezo ya karibu na Corinth, apewe 100. Drakma 500 ni kiasi gani? Plutarch huyohuyo anatupa kipimo. Anasema aliyeua mbwa mwitu alilipwa drakma 5, bei ya ng'ombe, na aliyeua mtoto wa mbwa mwitu alilipwa drakma 1, bei ya kondoo. Wazee wa Mbulu wanajua mifugo, wapigie hesabu: ng'ombe 100 kwa ushindi mmoja. Baadhi ya wanahistoria wanatilia shaka kama tarakimu hizo ni za Solon kweli, kwa kuwa katika zama zake huenda Athens ilikuwa haijaanza kutengeneza sarafu. Sawa. Lakini ona kwamba Plutarch, aliye Mgiriki, anazitaja bila kushangaa. Kwake si aibu kwamba mshindi alilipwa.

Mshindi pia alikula bure maisha yake yote katika jumba la halmashauri ya mji. Mwanafalsafa Socrates aliitumia desturi hiyo kuwakejeli mahakimu wake mwaka 399 KK. Alipokwisha kutiwa hatiani na kuulizwa anastahili adhabu gani, alijibu kwamba anastahili kulishwa na mji katika jumba hilo, tena kuliko mtu ambaye farasi wake wameshinda Olympia. Dhihaka hiyo isingeeleweka kama wasikilizaji hawakuwajua vizuri hao waliokuwa wakila bure.

Hapo bado hatujafika kwenye michezo mingine. Olympia ilikuwa moja kati ya minne mitakatifu iliyotoa mataji. Pembeni yake kulikuwa na mashindano mengi mijini ambako zawadi ilitangazwa mapema. Athens ilikuwa na Panathenaia, na jiwe la karne ya 4 KK lenye orodha ya zawadi zake limebaki hadi leo. Mvulana aliyeshinda mbio za stadio moja, chini kidogo ya mita 200, alipata mitungi 50 ya mafuta ya zeituni, na wa pili alipata 10. Mtungi mmoja ulichukua karibu lita 40. Mtoto huyo alirudi nyumbani na kitu kama lita 2,000 za mafuta, na hakuna aliyetegemea kwamba angeyapaka mwilini yote. Yaliuzwa. Mitungi hiyo, iliyochorwa picha ya mungu Athena upande mmoja na mchezo husika upande wa pili, imechimbuliwa mbali sana na Athens, Italia na hata Libya.

Sasa tuje kwenye madhambi ambayo mzee anasema yameletwa na fedha za siku hizi. Astylos, mkimbiaji wa Croton, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, alishinda Olympia mwanzoni mwa karne ya 5 KK. Michezo iliyofuata akatangaza kwamba yeye ni mtu wa Syracuse, ili kumfurahisha mtawala wa huko. Watu wa Croton wakaiangusha sanamu yake na nyumba yake wakaifanya jela. Wakenya waliokasirika mwaka 2003, Stephen Cherono alipohamia Qatar na kuwa Saif Saaeed Shaheen, angalau hawakugusa nyumba ya mtu.

Hongo? Mwaka 388 KK bondia Eupolus wa Thessaly aliwahonga wapinzani watatu wamwachie ushindi. Walitozwa faini wote, mtoaji na wapokeaji, na kwa fedha hizo zikasimamishwa sanamu sita za shaba za mungu Zeus, kando ya njia iendayo uwanjani, ili kila mwanariadha azipite kabla ya kushindana. Baadaye sanamu zikaongezeka, maana hongo haikukoma. Ukienda Olympia leo utaikuta misingi yake ya mawe, mkono wa kushoto unapoelekea uwanjani. Na mwaka 67 BK kaisari Nero wa Roma alifanya michezo iahirishwe hadi afike, akaingia mashindano ya magari ya farasi na gari lake la farasi kumi, akaanguka, hakumaliza, akatangazwa mshindi. Waamuzi walizawadiwa vizuri.

Hata ile amani takatifu ya Olimpiki, inayotajwa katika maazimio ya Umoja wa Mataifa tangu 1993, haikuzuia vita. Iliwalinda wasafiri waendao na watokao Olympia, majeshi yakiendelea na kazi yake kwingineko. Mwaka 364 KK watu wa Elis na Arcadia walipigana ndani ya eneo takatifu lenyewe, michezo ikiendelea.

Wagiriki wenyewe walikuwa na walalamikaji wao. Mshairi Xenophanes alilalamika kwamba mji unamlisha mpiganaji huku ukipuuza hekima, ambayo ndiyo inayouendesha vizuri. Mhusika mmoja katika tamthilia ya Euripides anasema kati ya maovu elfu yaliyomo Ugiriki, hakuna linalozidi kabila la wanariadha. Mzee wenu, Mwalimu, angekaa nao baraza moja wakaelewana. Ila wao walikuwa wakiwasema watu wa mji wao waliowaona kila siku. Yeye anatuambia watu hao hawakuwapo.

Basi hao Wagiriki wasiotaka fedha walitoka wapi? Walitungwa, kwa sehemu kubwa, Uingereza ya karne ya 19.

Wakati huo michezo ya kisasa ilikuwa inapangwa katika vilabu, na watu wa tabaka la juu walikuwa na shida moja: vibarua na mafundi walikuwa wanawashinda. Mtu anayepiga makasia kutwa kwa kazi ya kivuko hatashindwa na mwanafunzi wa Oxford. Kilichofanyika ni kuweka mpaka kati ya mwanamichezo wa ridhaa na wa kulipwa, kisha kuuchora mpaka huo mahali panapofaa. Klabu ya riadha iliyoundwa London mwaka 1866, Amateur Athletic Club, haikumhesabu fundi wa mitambo, fundi wa kazi za mikono wala kibarua kuwa mtu wa ridhaa, hata kama hajawahi kukimbilia senti. Mashindano ya makasia ya Henley yaliandika kanuni kama hiyo mwaka 1879. Yaani suala halikuwa fedha ya mbio. Lilikuwa ni kama unafanya kazi kwa mikono yako.

Ubaguzi wa wazi namna hiyo unahitaji sababu yenye heshima, na katika Ulaya ya wakati huo hapakuwa na heshima iliyoishinda ile ya Wagiriki. Vijana wote wa shule za matajiri walikaririshwa lugha yao. Wasomi wakaanza kuandika historia ya riadha ya kale kwa mtindo mmoja: hapo mwanzo waungwana walishindana kwa utukufu tu, halafu ikaja fedha, wakaja wa kulipwa kutoka tabaka la chini, michezo ikaoza. E. Norman Gardiner, aliyetoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilo mwaka 1910 na kingine 1930, ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote. Alikuwa msomi hodari, naye alizijua hizo drakma na hiyo mitungi ya mafuta. Lakini kila alipozikuta alizihesabu kuwa dalili za kuoza, na kuoza huko kulitaka pawe na usafi kabla yake. Mpaka David C. Young, Mmarekani, alipochapisha kitabu chake mwaka 1984 na kuonyesha kipande kwa kipande kwamba usafi huo hauna ushahidi, watu wengi walikuwa wamekwisha kulipia hadithi hiyo.

Ugiriki yenyewe haikupona. Tajiri Evangelos Zappas aligharamia michezo ya Olimpiki pale Athens mwaka 1859, miaka mingi kabla ya ile tunayoihesabu kuwa ya kwanza, na washindi walipewa fedha bila mtu kuona kinyaa. Mwaka 1870 ikarudiwa, wafanyakazi wa mikono wakashinda. Baadhi ya wasomi wa Athens wakanung'unika kwamba hii ni fedheha kwa mababu. Mwaka 1875 wakaingizwa wanafunzi wa tabaka la juu tu, na michezo ikadorora. Fikiria: wajukuu wa Wagiriki wanawazuia Wagiriki wenzao kwa jina la Wagiriki waliobuniwa London.

Mfaransa Pierre de Coubertin alipoitisha mkutano wa Paris mwaka 1894, ule uliozaa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ridhaa ilikuwa kwenye ajenda tangu mwanzo. Mwenyewe hakuipenda kiasi hicho; baadaye alikiri kwamba suala hilo halikuwahi kumsumbua sana. Lakini lilikuwa bei ya kuwapata Waingereza.

Waliolipia ni akina nani? Jim Thorpe, mzaliwa wa kabila la Sac and Fox la Wamarekani wa asili, alichukua dhahabu mbili Stockholm mwaka 1912, katika mashindano ya michezo mitano na ya michezo kumi. Mwaka uliofuata akanyang'anywa kwa sababu siku za ujana wake aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli. Alifariki 1953. Kamati ilimrudishia heshima yake mwaka 1982, na hata hapo ikamwandika mshindi mwenza, mpaka 2022 ndipo akaandikwa peke yake. Mmoja wa aliowaacha nyuma kule Stockholm aliitwa Avery Brundage. Huyu alipata utajiri kwa biashara ya ujenzi, akawa rais wa Kamati hiyo kuanzia 1952 hadi 1972, na hakukubali kumrudishia Thorpe kitu. Katika hotuba zake alipenda sana kuwataja Wagiriki.

Tukija karibu na nyumbani, Kipchoge Keino alikuwa afisa wa polisi wa Kenya. Dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972. Mwaka 1973 alijiunga na kundi la wakimbiaji wa kulipwa lililoanzishwa Marekani, na kwa kanuni za wakati ule mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yake. Mwanariadha bora wa nchi changa aliwekwa mbele ya chaguo ambalo Mgiriki wa kale asingelielewa hata kidogo: ama utukufu ama mkate. Miaka ya 1980 kanuni zililegezwa moja baada ya nyingine, na leo hakuna anayeshangaa mshindi wa medali akijenga nyumba ya ghorofa Eldoret. Fikra ndiyo iliyobaki. Ndiyo hiyo iliyopigiwa makofi kwenye kikao chenu.

Umeuliza kwa nini dunia nzima inaamini. Sababu mojawapo ni kwamba mengi tunayoyaona kwenye michezo yamevalishwa Ugiriki kwa makusudi, na vazi limeshonwa vizuri. Mbio za mwenge kutoka Olympia hadi mji wa michezo hazikuwapo zamani. Athens ilikuwa na mbio zake za mienge kwa ajili ya miungu ya hapo mjini, lakini Olympia haikuwa nazo. Zilibuniwa na Mjerumani Carl Diem kwa Olimpiki ya Berlin ya 1936, chini ya Hitler, wakimbiaji zaidi ya 3,000 wakipokezana. Diem huyohuyo aliagiza jiwe lichongwe zile pete tano, alama aliyoibuni Coubertin mwaka 1913, likawekwa Delphi, mahali patakatifu pa Wagiriki wa kale, kwa ajili ya sherehe. Likaachwa pale. Baada ya miaka ishirini hivi waandishi wawili wa Marekani walilikuta, wakaamini ni la zama za kale, na kwa muda vitabu vikafundisha kwamba pete za Olimpiki zina umri wa miaka 3,000. Sijui kisa kinachonichekesha zaidi katika fani hii.

Mengine hayachekeshi. Mwaka 1938 Hitler alinunua kutoka Italia sanamu mashuhuri ya mrusha kisahani, akaionyesha Munich kama kipimo cha mwili ambao Wajerumani wafikie. Ilikuwa nakala ya marumaru iliyochongwa na Waroma. Ile ya asili, ya mchongaji Mgiriki Myron, ilikuwa ya shaba. Weupe ule uliokuwa ukisifiwa tangu Winckelmann, msomi Mjerumani wa sanaa ya kale, alipoandika mwaka 1764 kwamba mwili mzuri huzidi uzuri kadiri unavyokuwa mweupe, ulitokana kwa sehemu na bahati mbaya ya historia: shaba nyingi iliyeyushwa, na rangi zilizopakwa kwenye marumaru zilifutika. Wagiriki walipaka sanamu zao nywele, midomo, macho na nguo. Plato anaizungumzia kazi hiyo kama jambo la kawaida. Lakini mwaka 1854, Wamarekani Nott na Gliddon walipotaka kuonyesha kwa michoro kwamba Mwafrika yuko karibu na sokwe, juu kabisa ya ngazi yao hawakuweka kichwa cha Mzungu yeyote aliyewahi kuishi. Waliweka kichwa cha sanamu, Apollo wa Belvedere. Mtu halisi hawezi kushindana na jiwe.

Hapo ndipo ninapoona madhara ya kumtukuza Mgiriki kupita kiasi. Anageuzwa kiwango ambacho yeye mwenyewe hakukifikia, halafu wengine wanapimwa nacho. Katika siasa ni hivyohivyo. Mwalimu Nyerere aliliona mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliandika kwamba demokrasia ya Wagiriki ilikuwa serikali ya mazungumzo kati ya walio sawa, na katika hao walio sawa wanawake na watumwa hawakuhesabiwa, tena kwamba kuzungumza mpaka mkubaliane Waafrika hawakungoja kufundishwa. Hakuwatukana Wagiriki. Aliwarudisha kwenye kimo chao.

Nakuonya pia usikimbilie upande wa pili. Utakutana na watu watakaokuambia Wagiriki hawakubuni chochote, waliiba vyote Misri. George James aliandika mwaka 1954 kwamba Aristotle alichota vitabu vyake kwenye maktaba ya Alexandria. Mji huo ulianzishwa 331 KK, Aristotle akafa 322 KK, na maktaba ilijengwa baada yake. Wagiriki walijifunza mengi kwa Wamisri na Wafoinike, tena mwanahistoria wao Herodotus analisema hilo bila kificho. Hatuhitaji kuwabunia wizi.

Kuhusu fedha za mfadhili, zipo hoja nzuri za kukataa. Wakimbiaji wenu ni watoto, mnaweza kuogopa wazazi kuwasukuma, au wasichana kuachwa nyuma iwapo zawadi ni ya wavulana. Unaweza kupendekeza zawadi iwe ada, viatu au vitabu. Mzee azilete hoja hizo kwa jina lake mwenyewe, bodi izipime. Mimi ningezikubali fedha, nikazigawa mpaka nafasi ya kumi, tofauti na Olympia.

Na marathoni haikuwapo. Mbio ndefu kuliko zote pale Olympia hazikufika kilomita 5. Kisa cha mtu aliyekimbia kutoka Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi dhidi ya Waajemi na kuanguka akafa, hakimo kwa Herodotus, aliyeandika habari za vita hivyo vya 490 KK miongo michache baadaye. Kinajitokeza kwa waandishi walioishi zaidi ya miaka 500 baada ya vita, na Plutarch anampa mkimbiaji jina tofauti na analotoa Lucian. Mfaransa Michel Bréal alikipenda, akashawishi mbio ziingizwe Athens mwaka 1896, kama kilomita 40, zikashindwa na Spyridon Louis, mchota maji wa kijiji cha Marousi. Kilomita 42.195 zilitokana na Olimpiki ya London ya 1908, njia ilipopimwa kutoka kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la familia ya kifalme.

Alichoandika Herodotus ni kingine. Kabla ya vita, majemadari wa Athens walimtuma mtu aitwaye Philippides kwenda Sparta kuomba msaada, mwendo wa karibu kilomita 240, akafika siku ya pili yake. Wasparta walimjibu kwamba hawawezi kutoka mpaka mwezi uwe mpevu. Mtu huyo, anasema Herodotus, alikuwa tarishi wa mbio ndefu, na kukimbia ndiyo ilikuwa kazi yake.